Tumbo Lako Limenipigia Simu

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, watu mia tatu walimcheka mke wa Fundi Baridi, na mke mwenyewe alikuwa na miaka mitano kaburini.

Fundi alikaa safu ya sita, katikati, kavaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Kushoto kwake alikaa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa uuguzi. Kulia kwake alikaa Mwalimu, mwanamke aliyemchumbia, na zilikuwa zimebaki wiki tano tu wafunge ndoa. Filamu yenyewe ilikuwa imetangazwa mji mzima. Kwa mara ya kwanza kampuni kubwa imetengeneza sinema ya familia ya watu kama wao, watu ambao babu zao walishuka melini kutoka Asia na masanduku ya bati, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Na Mwalimu alikuwa na mkono wake humo ndani, maana ndiye aliyewafundisha waigizaji namna ya kutamka.

Kwenye skrini mama mmoja alikuwa amelala kitanda cha hospitali, simu iko mdomoni, anamtumia mumewe ujumbe wa sauti.

"Usinidanganye umekula," akasema yule mama. "Nimeolewa na wewe, sawa, lakini msema kweli humo mwilini mwako ni tumbo. Tumbo lako limenipigia simu!"

Ukumbi ukapasuka. Watu wakapiga miguu chini, bisi zikamwagika. Nyuma kabisa jamaa mmoja akarudia maneno yale kwa lafudhi ya kuvuta, akitikisa kichwa, wakacheka upya.

Fundi hakucheka. Maneno yale aliyajua. Alikijua mpaka kile kikohozi kidogo kabla ya neno "tumbo". Yalikuwa maneno ya marehemu mke wake, aliyoyasema akiwa wodini wiki mbili kabla ya kufa, na yalikuwa kwenye simu yake, mfukoni, dakika hiyo hiyo.

Akageuka kulia. Mwalimu alikuwa hatazami skrini. Alikuwa anamtazama yeye, uso umechanua kama mtu aliyeleta zawadi na anangoja ifunguliwe. Halafu Mwalimu akageukia skrini, na uso ule ukazimika, maana picha ilikuwa imesharuka mahali pengine.

Fundi akainuka, akakanyaga vidole vya watu, akatoka.

"Fundi! Fundi, ngoja basi!"

Mwalimu alimkuta kwenye korido, karibu na mashine ya bisi.

"Nani aliwapa?" Fundi akauliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Simu yako ilipoingia maji ukanipa nitafute mtu wa kuokoa rekodi. Fundi wa sauti wa filamu ndiye aliyeziokoa. Yule mwigizaji alikuwa amekaa pale pale, akasikia. Alilia, Fundi. Alilia mpaka vipodozi vikachuruzika. Akasema, huyu ndiye mama ninayetaka kumwigiza, si yule waliyeniandikia."

"Miezi mingapi sasa?"

"Minane."

"Miezi minane unakunywa chai kwangu na maneno ya mke wangu umeshayagawa."

"Nilitaka nikushangaze."

"Nimeshangaa."

Mlango wa ukumbi ukafunguka, binti akatoka mbio, macho mekundu.

"Baba, umemsikia? Yule ni mama!"

"Na wewe umecheka?"

"Nimecheka. Mama alikuwa anachekesha."

"Mama yako alikuwa anakufa!"

"Baba, alikuwa anafanya vyote viwili."

Fundi akatazama mmoja, akatazama mwingine. Mwanamume huyu darasani aliishia la sita, na maneno hayakuwa yakimjia haraka. Siku ile yakamjia matatu tu.

"Harusi hakuna tena."

Akaondoka kwa miguu.

*

Jumatatu karakana ilijaa mafriji kama kawaida. Fundi alikuwa amepiga goti nyuma ya moja, anasikiliza kompresa, kinyozi wa mlango wa pili alipoingia na kitambaa begani. Kinyozi huyu alikuwa rafiki yake miaka kumi na moja, na hakuwa wa asili yake.

"Hodi, baba wa tumbo!"

Fundi hakuinua kichwa. "Unasemaje?"

"Aa, bwana, usijifanye hujui! Jana nimemchukua mama watoto tumeitazama ile sinema yenu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Yule mama! 'Tumbo lako limenipigia simu!' Tangu asubuhi kila mteja ananiambia hivyo."

"Toka, nina kazi."

"Nimekukosea nini tena? Nakusifu! Tena nikuambie ukweli, nimejifunza. Kumbe kwenu mna vikombe vilivyokatika mikono, kama vyangu. Kumbe baba anagombana na mwanawe kwa sababu ya taulo."

"Kwani zamani ulidhani tunanywea nini?"

"Mimi nitajuaje? Sinema zote mlikuwa mnaonyeshwa mkitoa chenji tu."

"Na nyumba yangu? Miaka kumi na moja umeingia mara ngapi?"

Kinyozi akakuna shingo. "Mara nyingi."

"Na vikombe vyangu vina mikono?"

"Havina."

"Basi mpaka vionyeshwe na wakubwa ndiyo uvione."

Kinyozi akarudi kwake taratibu. Fundi akabaki na bisibisi mkononi. Rafiki yake alikuwa amefurahi kweli, na furaha ile ndiyo iliyomchoma. Ingekuwa dharau angejua pa kuiweka.

Simu ikalia ndani ya koti. Ujumbe wa Mwalimu.

"Fundi, nimekukosea. Nipe dakika tano tu."

Hakujibu. Baada ya saa moja ukaingia mwingine.

"Kuna sehemu wameikata. Ule ujumbe wa mama uliigizwa wote, mpaka mwisho. Nilikuwa nakutazama nikisubiri ifike. Nimejua kwamba wameikata dakika ile ile, ndani ya ukumbi, nikiwa kando yako."

Akaandika kwa kidole chenye grisi: "Kawaulize wakubwa zako."

Baadaye akauona ujumbe wake mwenyewe ulivyokaa mkali, akataka kuufuta, lakini ulikuwa umeshasomwa.

*

Siku ya nane baada ya sinema, jioni, binti alirudi kutoka zamu ya mafunzo, akavua viatu mlangoni, akajimiminia chai.

"Nimeitazama tena," akasema.

"Ya pili?"

"Ya tatu."

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Mama anaongea, baba. Humu ndani haongei tena. Wewe unamsikiliza peke yako, umeziba masikio kwa waya, mimi naona midomo yako tu."

Fundi akautazama waya wa masikioni. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Kwa hiyo umeipenda," akasema mwishowe.

"Sijasema hivyo. Juzi wodini mgonjwa kaniita, 'Nesi, tumbo langu limekupigia simu!' Kwa ile lafudhi ya kuvuta. Wodi ikacheka. Wenzangu wakacheka. Nikacheka na mimi, halafu nikaenda stoo ya dawa nikakaa dakika kumi."

"Unaona sasa! Ndicho ninachosema!"

"Ngoja, sijamaliza. Nilipotoka, bibi mmoja, mgonjwa wa miguu, kanishika mkono. Kaniambia, 'Mwanangu, kumbe nanyi mnauguza kama sisi.' Naye ametoka kwenye filamu ile ile, baba. Sasa nimchukie yupi, nimpende yupi?"

"Kwa hiyo unaipenda au huipendi?"

"Usinilazimishe kuchagua. Nimechoka kuambiwa nichague."

Akanywa chai. Halafu akasema polepole, kama anayetoa uzi kwenye kidonda:

"Mama mdogo, huyo Mwalimu wako, amekosa. Angekuambia. Lakini kosa lake lina ukubwa wake. Wewe umemtwika na la wale waliokata, na la wale waliocheka, na la babu zetu, lote kichwani mwake. Kisa yeye ndiye mwenye mlango unaoujua."

"Hao wengine sina hata namba zao."

"Ofisi yao ina kibao barabarani, baba. Herufi zake ni kubwa kuliko friji."

*

Kesho yake Fundi alivaa lile shati, akaenda. Ghorofa ya nne. Mapokezi pakiwa na friji ya soda inayonguruma vibaya, feni yake imelegea, na chini yake beseni la kukinga maji. Watu wa kutengeneza sinema ya mamilioni, wameshindwa kukaza skrubu mbili. Akaletwa mbele ya mwongozaji wa filamu, mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vyeupe.

"Karibu, mzee wangu. Wewe ni nani kwetu?"

"Mimi ndiye mwenye tumbo."

Yule bwana akaanza kucheka, akaona aliye mbele yake hacheki, akakaa vizuri.

"Pole sana. Mwalimu alitueleza. Alitueleza akiwa amechelewa, baada ya filamu kutoka. Mwanzoni alituambia familia imekubali."

"Familia ipi?"

"Alisema yeye ni familia."

Fundi akajisogeza mbele. "Mlikata nini?"

"Dakika nne. Tuliwaonyesha watu wachache kwanza, watupe maoni. Walichoka."

"Walichoka na nini?"

"Na huzuni. Waliandika kwenye karatasi kwamba mama akigomba anapendeza, akianza maneno yake mengine wanatazama saa."

"Wewe ulipenda nini?"

"Mimi? Niliipenda yote."

"Sasa nani alikata?"

"Mzee wangu, mimi nina wakubwa zangu."

"Nao wana wakubwa zao?"

"Wana wenye hela."

"Na hao wenye hela wanamwogopa nani?"

Mwongozaji akafungua mikono. "Watazamaji, nadhani."

"Wale waliotazama saa."

"Ndiyo."

"Basi hakuna aliyekata. Imejikata."

Mwongozaji akatazama meza. Si mtu mbaya, na hilo lilimkera Fundi zaidi, maana alikuja amejiandaa kwa mtu mbaya. Ndivyo walivyo waliokalia viti. Ukimfuata huyu anakuonyesha yule wa juu, ukipanda kwa yule wa juu unaonyeshwa dari.

"Na lafudhi?" Fundi akauliza. "Mke wangu hakuvuta maneno vile."

"Hapo Mwalimu alitukatalia. Tulimwambia amfundishe mwigizaji aongeze kidogo, watu wajue hawa ni kina nani. Akasema, 'Watajua kwa yale anayoyasema.' Siku mbili za mwisho tukamtumia mtu mwingine." Akaonyesha kiti cha plastiki karibu na mlango. "Alikaa pale wiki iliyopita siku tatu, tangu tunafungua mpaka tunafunga. Anataka dakika zile nne zirudishwe. Tumempa kazi ya filamu ya pili, kaikataa mbele yangu. Hakukuambia?"

"Sikumpa nafasi."

Fundi akainuka. Mlangoni akageuka.

"Friji yenu feni imelegea. Mkiiacha itaua na kompresa."

"Utatutengenezea?"

"Waambie wakubwa zako."

*

Mwalimu alikuwa barazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu sikioni. Alipomwona Fundi langoni hakuinuka. Alikuwa na kiburi chake pia, na haki ya kuwa nacho.

"Hodi."

"Umeshaingia."

"Naweza kukaa?"

"Viti havijafutwa kama harusi."

Fundi akakaa, akakubali kipigo hicho.

"Nimetoka ofisini kwao," akasema.

"Umewakuta?"

"Nimekuta wapole watupu. Hukuniambia kama ulikaa siku tatu."

"Ungesema naigiza."

"Ningesema."

Barabarani baiskeli ikapita.

"Uliwaambia wewe ni familia," Fundi akasema.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Niliwaambia. Na hapo ndipo nilipokosea hasa, Fundi, sitaki nijifiche. Nilijua nikikuuliza utakataa. Kwa hiyo sikukuuliza. Nikajipa jina kabla hujanipa. Hayo mengine, kicheko, lafudhi, kukata, hayo nawadai wao. Lakini hili ni langu."

"Kwa nini lakini? Wewe si mtu wa kupora."

"Kwa sababu nina miaka arobaini na sita, na tangu mtoto naenda sinema kujitafuta. Nimejikuta mara nne. Mara mbili nauza, mara moja nalia nyuma ya duka linaungua, mara moja nimekufa kabla ya kusema neno. Halafu wananiletea karatasi za yule mama waliyemwandika, ni yule yule, anatikisa kichwa na kuhesabu sarafu. Siku hiyo hiyo namsikia marehemu. Fundi, nilimwonea wivu. Mtu amekonda wodini, bado anamgombeza mume, anacheka, anafikiri. Nikasema, wakimsikia huyu, basi. Watatujua."

"Wamemsikia nusu."

"Wamemsikia nusu."

Fundi akapangusa mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi.

"Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu? Kabla hawajacheka, alipofungua tu mdomo yule mama, nilifurahi. Nusura nisimame niseme, 'Ndiye wangu huyo!' Nilivimba, nakwambia. Wakacheka. Nikaona aibu kwa kuwa nilifurahi, nikakutupia wewe aibu yangu."

Mwalimu akamtazama muda mrefu.

"Ile sehemu waliyoikata," akasema, "ndiyo iliyonifanya nitoe rekodi. Si ya tumbo. Ile ya mwisho. Wewe unaifahamu."

Fundi akatazama barabarani.

"Fundi. Unaifahamu?"

"Ule ujumbe una dakika nane. Mimi huishia kwenye simu. Pale anaposema tumbo limempigia. Nikifika pale nazima. Tangu alipoutuma."

"Hata siku ile ile?"

"Siku ile nilikuwa juu ya ngazi, nafunga chumba cha baridi cha bucha. Nikasikia mwanzo, nikamtumia neno moja: 'Nimekula.' Nikasema mwisho wake nitausikiliza nikishuka. Nikashuka, nikasahau. Alipokufa ndipo nikaogopa."

Mwalimu akaivuta miguu yake chini ya kiti, akainama mbele.

"Kumbe na wewe umekata pale pale."

Angeweza kuyasema hayo kwa kumkomoa. Hakuyasema hivyo. Fundi akafunika macho kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na Mwalimu akasogeza madaftari, akahamia kwenye kiti cha karibu.

"Wiki tano zimebaki ngapi?" Fundi akauliza, sauti imekauka.

"Tatu na siku tano."

"Nilikosea kusema hakuna. Kama bado unanitaka, ipo. Ila kitu cha ndani kwangu usikitoe tena bila kuniuliza."

"Nitakuuliza. Na wewe usiniache tena koridoni."

"Sikuachi."

"Haya. Nenda kampashe habari binti, amenitumia ujumbe kumi na saba leo peke yake."

*

Jumapili saa nne asubuhi wakakaa watatu mezani kwa Fundi. Mwalimu alitaka kubaki jikoni, akasema hilo ni la baba na mwana. Binti akamvuta mkono: "Mama mdogo, wewe unajua mwisho. Kaa, utushike." Fundi akachomoa waya wa masikioni, akaweka simu katikati ya vikombe, akabonyeza.

Marehemu akaanza kugomba. Binti akacheka mapema, kabla hajafika. Tumbo likapiga simu. Kidole cha Fundi kikainuka chenyewe kwenda kuzima, Mwalimu akakifunika kwa mkono wake, na sauti ikaendelea, imechoka kidogo, imeshuka:

"Haya, nimekugombeza, ya leo yametosha. Sasa sikia kituko, Baridi. Humu wodini kuna televisheni. Jana wameweka filamu, tukaitazama wote, wazima na wanaokaribia kufa. Katikati akatokea mtu wetu. Dakika moja, haizidi. Mwenye duka. Anatikisa kichwa, anasema maneno yamepinda, anang'ang'ania sarafu moja mpaka inamdondokea kwenye ndoo. Basi, wodi nzima ikanigeukia mimi, ikacheka. Hata yule dada wa kitanda cha pili anayenipa maji usiku, ananipenda yule, naye akanigeukia akacheka. Na mimi nikacheka. Tena niliwazidi wote, mpaka sindano ya dripu ikachomoka, nesi akaja kunikaripia. Wamelala wote sasa. Mimi tangu jana nimekodoa macho darini nauliza. Wewe una akili za mashine, hebu nitafutie. Si kwamba nimekasirika, sijakasirika. Nataka kujua tu. Mimi nilikuwa nacheka nini?"